Askari wa Dar aliyefia Ujerumani

Dada Berlin: Shikamooni wakubwa. Hiyo picha hapo juu ni kijibati cha shaba kimepachikwa chini kwenye njia ya waenda kwa miguu, Brunnenstraße 193 hapa Berlin. Jina lililoandikwa hapo ni la mtoto wa Dar jamani!! Mahjub bin Adam Mohamed, kazaliwa 1904. Wajerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen

Shangazi: Marahaba mwanangu. Mtoto wa Dar, kwa nani?

Dada Berlin: Baba yake Msudani shangazi, askari wa Mjerumani mwenye cheo cha efendi. Vita ya 1914 ilipoanza mzee akaingia nayo na mtoto naye akaandikishwa, akafundishwa mambo ya kupeleka ishara

Kijana: subiri, 1904 mpaka 1914 si miaka 10 tu hiyo??

Dada Berlin: Ndo hivyo. Na 1917 akajeruhiwa Mahiwa, Waingereza wakamchukua mateka

Mjomba Lindi: Mahiwa ni huku kwetu. Ilikuwa Oktoba, siku nne mfululizo, na waliokuwa wanamalizana pale wengi ni Waafrika, kule kwa Mwingereza kuna Wanaijeria, huku kwa von Lettow, mkuu wa jeshi la Mjerumani, kuna askari wa kwetu. Mtoto wa miaka 13 katikati ya moto ule, masikini

Shangazi: Sasa Ulaya alifikaje?

Dada Berlin: Baada ya vita alifanya kazi melini, boi wa kuhudumia abiria, afu 1929 akashuka akaja Berlin kudai mshahara. Wa kwake na wa marehemu baba yake, ule wa vitani ambao haukulipwa. Akaenda ofisi ya mambo ya nje, wakamwambia umechelewa, muda wa madai umekwisha. Basi. Mtu katoka Dar kufuata jasho la baba yake anajibiwa hivyo

Mjomba Lindi: Hapo umenigusa. Nyinyi wadogo hamkumuona babu yenu na lile faili lake la mafao, kila mwezi anavaa kanzu safi anapanda basi anaenda mjini anaambiwa njoo wiki ijayo, mpaka tunamzika faili liko chini ya godoro. Mtu akishakutumikia mlipe

Shangazi: Allah amrehemu baba yetu

Kijana: kwaiyo akabaki huko huko?

Dada Berlin: Akabaki. Akawa mhudumu pale Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe karibu na Potsdamer Platz, na huku anasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, maana kuna Wajerumani bado walikuwa na ndoto za kurudishiwa koloni. Januari 1933 akamuoa Maria Schwandner, siku chache tu kabla Hitler hajashika nchi. Na akaomba ile nishani ya waliopigana mstari wa mbele, wakamnyima kwa sababu ya rangi, akaenda kununua dukani akaivaa. Vita ya pili ilipoanza 1939 akajitolea tena kuwapigania! Wakamkataa

Kijana: mi naona alitafuta kazi kwenye filamu pia, kwenye ile ya 1941 ya Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani

Mjomba Lindi: Carl Peters MKONO WA DAMU?? Yule aliyewanyonga watu Kilimanjaro? Hapo hapana wanangu, hilo simsamehi, huwezi kumpamba Peters mbele ya dunia nzima halafu tukuite wetu

Dada Berlin: Mjomba kwa heshima zote, mwaka 1935 alishafukuzwa uhudumu, ana watoto, ana mke mzungu ambaye wanasemwa barabarani, nchi yenyewe haimtaki na kurudi haikuwa rahisi. Mtu mweusi Berlin wakati ule mkate wake ulikuwa filamu, wanamvika nguo za mtumishi anasimama nyuma ya mzungu. Alicheza zaidi ya 20 za namna hiyo. Mimi siwezi kumhukumu nikiwa na makaratasi yangu kamili mkononi

Mjomba Lindi: Nimekusikia. Njaa naijua. Lakini Peters ni Peters

Shangazi: Mwacheni amalize. Alikufaje?

Dada Berlin: Walimkamata Agosti 1941, filamu ndo kwanza imetoka. Kosa ni kuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani, si Maria, wanaita kuchafua damu. Hakufikishwa mahakamani hata siku moja shangazi, moja kwa moja kambi ya mateso ya Sachsenhausen kaskazini ya Berlin. Miaka mitatu kule. Amefariki tarehe 24 Novemba 1944. Majivu yake yako makaburi ya Reinickendorf

Shangazi: Majivu??? Walimchoma Muislamu?

Dada Berlin: Kambini walikuwa wanachoma wote

Shangazi: Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Hajaoshwa hajasaliwa. Nimeshindwa kuandika

Kijana: pale sanamu ya askari barabara ya Samora tunapita kila siku, ile ya 1927, Mwingereza aliweka kwa ajili ya askari na wapagazi wake. wa upande wa kina Mahjub mi sijaona hata jiwe lao Dar

Mjomba Lindi: Sema sawa mwanangu. Na wapagazi wenyewe walikufa wengi kuliko askari, njaa na magonjwa, ukija huku vijijini hakuna anayejua walikozikwa

Shangazi: Ijumaa baada ya Laasiri tunamsomea hapa nyumbani, nitapika na wali kidogo watoto wa madrasa wale. Niandikie majina sawasawa nimpe maalim

Dada Berlin: Mahjub bin Adam Mohamed. Weka na baba yake, Adam Mohamed. Na mwanawe Bodo, wa 1933, naye alifariki 1945

Mjomba Lindi: Natuma hela ya mchele leo jioni, shangazi yenu asinunue