Punda wetu amezeeka na kijana wangu yuko likizo: nimwambie sasa au nisubiri afungue shule?

mamaKayenze

Wanajukwaa, salaam. Nipo Kayenze, Ilemela, hapa Mwanza. Naombeni ushauri, hasa wenye watoto wa sekondari na ninyi mnaofuga.

Tuna punda wawili, Meli na Boti. Meli ndiye mkubwa, tulimnunua kabla kijana wangu hajazaliwa, na kijana sasa ana miaka 15, yuko kidato cha pili, anasoma bweni. Kabla bomba halijafika mtaani kwetu Meli ndiye aliyetubebea maji ya ziwani. Amebeba mchanga wa wajenzi, amebeba mahindi ya watu, na ada za wanangu kwa sehemu kubwa zimetoka mgongoni kwake. Kijana alianza kumswaga akiwa bado mdogo wa shule ya msingi. Alfajiri anashuka naye ziwani, wanapandisha madumu, akirudi anavaa sare anakimbia shule. Mpaka leo akija likizo anapitia zizini kwanza, mimi ananiamkia baadaye. Namsikia huko akiongea naye huku anamkuna ndani ya sikio, na Meli anainamisha kichwa chote kumwachia.

Sasa Meli amechoka. Tangu kiangazi kilichopita amekonda, mbavu zote nje. Majani anayatafuna weee, halafu anayatema. Ukiangalia chini ya hori unakuta mabonge ya majani yaliyoviringika, yamelowa mate, hayajasagika. Akilala hainuki mwenyewe, inabidi niite majirani.

Shemeji yangu amekuja na mnunuzi. Anasema hata akiwa hivyo bado ngozi yake ina bei, tusubiri mtoto afungue shule mwezi wa saba ndipo achukuliwe, halafu tumwambie alikufa usiku. Anasema mtoto wa kiume hafundishwi kulilia mnyama. Moyo wangu unakataa. Lakini pia naogopa, mwaka huu ana ule mtihani wa upimaji wa kidato cha pili, nisije nikamvuruga akili. Nifanyeje jamani?

NgoshaWaMagu

Mwadila mayu. Pole sana.

Usimfiche. Nakwambia kama mtu aliyefichwa. Nilikuwa darasa la saba, nyumbani tulikuwa na maksai wa kulimia niliyemfundisha nira mimi mwenyewe. Nilirudi shule nikakuta kamba imening'inia kwenye mti. Nikaambiwa amepelekwa kwa mjomba kupumzika, malisho ya kule ni mazuri. Nikaamini. Ikawa kila mjomba akija namuuliza habari zake, na yeye ananijibu tu, anaendelea vizuri. Ukweli nilikuja kuupata kwa watoto wenzangu tukiwa machungani, kwa kuchekwa.

Leo mimi ni mtu mzima nina watoto. Ng'ombe kuuzwa nilishalielewa zamani, nyumbani kulikuwa na shida. Kinachouma mpaka leo ni kwamba nyumba nzima walijua isipokuwa mimi niliyekuwa namlisha. Kijana wako naye ataujua ukweli, Kayenze si kubwa kiasi hicho.

kakaIgoma

Mama, mimi nipo tofauti na mkuu hapo juu. Maisha ni magumu, ada ya mwezi wa saba inakusubiri. Punda hawezi kazi, hali, kesho anakufa na unabaki na gharama ya kumzika. Uza, nunua mahitaji ya mtoto. Atalia siku mbili atasahau. Sisi tumekua hivyo hivyo na tuko wazima.

BibiNyakato

Kaka Igoma, shida ya ada tunaielewa wote, hakuna anayekucheka. Ila hiyo biashara ya ngozi sidhani kama umeifuatilia. Zinachemshwa kupata ulimbo wa kutengenezea dawa za kienyeji za Kichina, na imemaliza punda wa watu Afrika nzima, wengine wameibiwa zizini usiku na kuchunwa porini. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana pale Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mnunuzi anayezunguka mitaani sasa hivi hawezi kuwa na njia safi. Na punda asiyeweza kusimama atasafirishwaje? Atafungwa miguu atupwe kwenye gari. Ndiyo malipo ya mnyama aliyesomesha watoto?

Mama, shemeji yako mheshimu lakini hili likatae. Zizi ni lako.

mwalimuSengerema

Nafundisha sekondari, na malezi ya wanafunzi yako mikononi mwangu, kwa hiyo niseme kuhusu mtihani.

Mwambie sasa, akiwa nyumbani. Upimaji unafanyika mwishoni mwa mwaka, muda wa kutulia upo. Kinachomvuruga mwanafunzi ni kupata habari akiwa bweni, kwa simu ya mwalimu au kwa mwenzake wa kijijini, asiweze hata kutoka nje ya geti. Nimewaona wa namna hiyo. Anakaa darasani macho ubaoni lakini hayupo, na ukimuuliza anasema "hamna kitu, mwalimu". Na wavulana ndio zaidi, kwa sababu wameshaambiwa wasilie.

Ukikaa naye usizunguke sana. Usiseme "Meli anaondoka" wala "tunampeleka mahali". Sema Meli ni mzee, meno yameisha, anaumia, na hatapona. Halafu nyamaza. Mwache aulize, au asiulize. Anaweza akakasirika akakulaumu kwamba hukumtunza, na hapo usijitetee, hasira ya umri huo ndiyo kilio chenyewe. Anaweza pia akakaa kimya akachukua mpira akaondoka, nawe ukadhani hajaumia. Ameumia. Neno moja tu mlizuie nyumbani kwenu msimu huu: "si ni punda tu".

Akifungua shule, mpe taarifa mwalimu wake wa darasa. Sentensi mbili zinatosha.

daktariMifugo_Ziwa

Nimesoma maelezo ya huyo punda kwa makini. Mimi ni mganga wa mifugo kanda hii, niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

Kwanza, kabla ya kumuaga, apimwe. Meno ya punda huendelea kusogea nje miaka yote kadiri yanavyosagika, hadi siku moja yanaisha. Mabonge ya majani yaliyotemwa ni dalili kwamba magego ama yameisha ama yamechongoka yanamchoma mashavu. Yaliyochongoka husawazishwa kwa tupa maalumu na mnyama akala tena, akapata muda wa ziada. Yaliyoisha hayarudi, hapo unabaki na chakula laini: majani yaliyokatwakatwa madogo sana, pumba iliyolowekwa ikawa uji. Punda aliyetunzwa vizuri hufika miaka 30 na kuzidi, lakini wa mizigo mizito wengi hawafiki. Kutoweza kuinuka ndiko kunakonipa wasiwasi zaidi. Mnyama mzito akilala upande mmoja muda mrefu, misuli inaharibika kwa uzito wake mwenyewe.

Halafu jueni hili, punda huficha maumivu. Farasi atajigaragaza, punda anasimama tu kichwa chini na watu wanasema leo ametulia. Mpaka umeona wazi kwamba anaumwa, ameshaumwa siku nyingi. Kwa hiyo usisubiri afe mwenyewe ukidhani ndiyo huruma.

Ikiamuliwa apumzishwe, kijana aelezwe mapema atakachokiona, kwa sababu wengi hushtuka kwa kutojua. Sindano ikiingia kwenye mshipa wa shingo, mnyama analegea na kuanguka ndani ya muda mfupi. Anaanguka kwa kishindo, hivyo hakuna mtu kusimama mbele yake wala ubavuni isipokuwa daktari na msaidizi. Macho hubaki wazi. Anaweza kuvuta pumzi moja mbili za nguvu, ngozi ikacheza, na wakati huo hana fahamu tena, hasikii chochote. Kijana anaweza kuwepo hadi mwisho, au akamkuna sikio akaaga kisha akasogea pembeni kabla ya sindano. Achague mwenyewe, na akibadili mawazo dakika ya mwisho asiulizwe kwa nini.

Shimo lichimbwe kabla. Nalisisitiza hili kwa watu wa Mwanza kwa sababu mnajua ardhi yetu, unachimba futi mbili unakutana na jabali. Tafuteni mahali penye udongo, mpimie kina kinachomzidi mtu mzima kimo, na Meli aletwe karibu na hapo kwa miguu yake, maana baada ya hapo ni zaidi ya kilo mia za kuburuta. Pawe mbali na kisima, na mbali na ufukwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ziachwe bila shughuli za kudumu wala zinazoweza kuharibu mazingira ya ufukwe. Dawa ya sindano hubaki mwilini, kwa hiyo nyama haifai kwa mtu wala mbwa, na mzoga ukifukuliwa na fisi au kuliwa na ndege unaweza kuwaua na wao.

La mwisho ni Boti. Mama alimtaja mwanzoni, lakini hakuna aliyemzungumzia tena. Punda waliokaa pamoja miaka hushikamana kweli kweli, na anayebaki anaweza kugoma kula. Punda akikaa bila kula hata siku mbili tatu mafuta ya mwili humwagika kwenye damu, ini likashindwa, mkampoteza naye. Baada ya Meli kupumzika, mwacheni Boti amsogelee. Atamnusa, atamgusa kwa mdomo, pengine atalia. Msimfukuze. Akishaondoka mwenyewe ndipo mzike.

NgoshaWaMagu

Hapo kwa Boti daktari umeniongezea kitu, sikuwa najua. Wabeja sana.

Mayu, mimi naongeza kwamba kijana ashike jembe na wenzake wachimbe pamoja. Kwetu mtu akifiwa, vijana ndio wanaochimba, na ukishachimba unajua umetenda.

mwalimuSengerema

Aulizwe kwanza. Kuna atakayetaka na kuna ambaye jembe hilo litamlemea. Asije akalazimishwa kuchimba kama alivyolazimishwa kutolia.

mamaKayenze

Ndugu zangu, nimerudi. Nimesoma kila mmoja, na wewe kaka Igoma pia, najua umesema kwa kunionea huruma.

Jana jioni nilimfuata zizini. Nikasema kama mwalimu alivyoelekeza, bila kuzunguka. Hakuniangalia. Alikuwa amechuchumaa na panga, anakatakata majani madogo madogo kwenye gunia. Pembeni kulikuwa na ndoo ya pumba ameiloweka. Sikumwagiza mimi, kumbe siku zote hizi za likizo ndivyo anavyomlisha. Akasema, "Mama, magego ya chini yameisha yote, nimempapasa." Alishajua kabla yangu, akawa anasubiri nani atasema.

Halafu akalia, na mimi nikalia. Shemeji alitukuta hivyo. Hakusema neno. Leo asubuhi amempigia mnunuzi kumwambia asije, na amesema shimo atasimamia yeye, anajua mahali nyuma ya mihogo pasipo na mawe, mbali na ziwa. Kijana amesema atachimba naye.

Afisa mifugo wa kata amefika mchana, amempima, amethibitisha meno na amesema na nyonga nayo imekwisha. Amependekeza wiki hii. Kijana ameomba iwe Ijumaa ili Jumamosi na Jumapili abaki karibu na Boti kabla ya kurudi shule. Tumekubaliana. Kengele ya shingoni amesema tusiizike, aivae Boti.

Daktari, nina maswali. Asubuhi ya siku hiyo tumnyime chakula? Kijana anataka kumpa maganda ya viazi vitamu, Meli anayapenda mno. Na Boti akishabaki peke yake tumpatie mwenzake haraka au tusubiri?

daktariMifugo_Ziwa

Msimnyime. Hii siyo upasuaji, ale anachokipenda, maganda yawe laini na yakatwe madogo asikabwe. Maji pia.

Kuhusu Boti, asilale peke yake usiku wa kwanza. Kama jirani ana punda mpole muombeni akae naye siku kadhaa, mkikosa hata mbuzi aliyemzoea anasaidia. Kununua punda mpya msikimbilie, punda hawakubaliani kwa siku moja. Kila asubuhi na jioni mtu aangalie hori yake kama chakula kimepungua na kama anakunya kawaida. Akigoma kula kutwa nzima msingoje kesho, mpigieni afisa siku hiyo hiyo.

Na leo hii mwulizeni huyo afisa kama dawa anayo mkononi. Si kila ofisi ya kata inayo, na wakati mwingine huagizwa mjini. Msije mkafika Ijumaa kijana ameshaaga halafu mkaambiwa mrudi Jumatatu.

mamaKayenze

Nampigia sasa hivi. Mungu awabariki.