MREJESHO: Upanga wa uchawi uliokataa kunolewa kwenye gemu ya Skyrim

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini upanga wangu wa chuma cha pua wenye uchawi wa moto unakataa kunolewa, wakati ule wa kawaida unakubali. Mliosema ni ujuzi wa Arcane Blacksmith mmepiga penyewe: unafunguka Smithing (kiwango chako cha uhunzi) ikifika 60, na bila huo silaha yenye uchawi haiguswi.

Kufika 60 ndiyo kazi. Nimefua pete na mikufu ya dhahabu mpaka mdogo wangu hapa Sinza akaniuliza kama nimefungua duka la usonara. Vitu vya bei vinapandisha haraka kuliko visu.

Raha iko kwenye jiwe la kunolea. Madaraja ya ubora wa silaha yanapanda Fine, Superior, Exquisite, Flawless, Epic, halafu Legendary. Nilikunywa kwanza dawa ya kuongeza uhunzi. Inadumu sekunde 30 tu, kwa hiyo nilinoa fasta. Kipande kimoja cha chuma cha pua, upanga ukaruka moja kwa moja hadi Epic, na moto wake uko palepale.

Aliyenishauri niuuze, samahani mkuu, hauuzwi.