Siku yako ya kuzaliwa unakwenda kazini au unajipumzisha? Wana Tanga tupeane uzoefu

Mtoto wa Chumbageni:
Wakuu, habari za jioni. Alhamisi ijayo ni bethdei yangu. Niko ofisi ya wakala wa forodha na wiki hiyohiyo tuna meli gatini, makaratasi hayaishi. Dada yangu ananisukuma niombe ruhusa, mtu hazaliwi mara mbili. Baba mdogo anasema niache utoto, niende kazini, pilau nitaikuta jioni. Nyie mnafanyaje? Leteni yaliyowakuta, sio nasaha za kwenye kadi.

Mama Genge Makorora:
Kujipumzisha? Nyanya zinajua kama leo nimezaliwa? Nikifunga genge siku moja, wateja wanahamia kwa jirani, na kuwarudisha ni kazi ya mwezi mzima. Siku yangu nafungua saa kumi na mbili kama kawaida. Tofauti ni kwamba siku hiyo simkopeshi mtu.

Binti Mabawa:
Mama genge umemaliza 😂

Keshia wa Zamani:
Mimi nikisikia bethdei kazini, harufu ya samaki inanirudia puani. Ngojeni niwasimulie.

Nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, silitaji. Niliomba ruhusa, tajiri akakataa, mwisho wa mwezi mafundi wanakuja kuchukua nondo na mabati. Nikaenda. Nimevaa gauni jipya la kitenge, nywele nimesuka jana yake, mkono wote hina. Hadi adhuhuri hakuna aliyenitamkia hata "hongera". Nikasema haya, wamesahau, Mungu yupo.

Kumbe vijana wa stoo walishamtuma mtu wa bodaboda kwenda soko la samaki la Deep Sea kuleta ndoo. Yale maji ya barafu iliyoyeyuka chini ya samaki, mnayajua, mekundumekundu na magamba yanaelea. Mimi nimeinama nampigia fundi risiti, ndoo ikanijia kutoka nyuma. Sikupata hata nafasi ya kupiga ukelele maana yaliniingia mdomoni. Mashine ya risiti ya EFD ikatoa nusu ya karatasi, ikalia kama kuku aliyekabwa, ikazima. Droo ya hela ilikuwa wazi. Noti zote chapachapa. Fundi wa watu kaloa kuanzia kofia hadi makubadhi, na yule hata jina langu halijui! Wao wanaimba na kupiga makofi.

Tajiri akatoka ofisini na kijiti cha meno mdomoni. Nyimbo zikakatika. Akaiangalia mashine, akauliza taratibu, "Nani kazaliwa leo?" Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi. Akasema, "Basi mashine ni yako."

Mauzo yakasimama. Kuuza bila risiti ni kuwakaribisha watu wa kodi, TRA, kwa hiyo tukakaa kumsubiri fundi wa mashine, na wateja tunawaona kwa macho wakivuka barabara kwenda kwa mshindani. Mimi nikapewa kazi ya kuanika noti juu ya bati uani, nazikandamiza kwa kokoto zisipeperuke, magamba yameshanikaukia shingoni, nzi wamenizunguka. Bibi mmoja akachungulia langoni, akaniuliza, "Mwanangu, hizo mnauza kilo au fungu?"

Jioni wakaniletea keki. Jina limekosewa. Nikaila, njaa ilikuwa inauma.

Dereva wa Horohoro:
Kilo au fungu 😂😂😂 nimesimamisha gari pembeni nacheka peke yangu. Dada, ulikatwa mshahara kweli?

Keshia wa Zamani:
Nilikatwa, tena miezi mfululizo. Wale wa stoo hata shilingi.

Kijana wa Stoo:
Sio mimi ila nawatetea. Kumwagiwa maji ni mapenzi. Asiyemwagiwa maji siku yake ajiulize anaishije na watu.

Keshia wa Zamani:
Mapenzi na maji ya changu wapi na wapi?

Kijana wa Stoo:
Ungejifungia ndani siku hiyo, ungelalamika kwamba hawakujali.

Mama Genge Makorora:
We kijana njoo unimwagie mimi hapa gengeni, mpini wa jembe ninao.

Mgosi Mpenda Sheria:
Naomba niingilie. Dada Keshia alionewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kujikatia tu. Ili akate kwa ajili ya hasara, lazima hasara uwe umeisababisha wewe, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Aliyeshika ndoo ni mwingine, sasa wewe unalipa kwa kosa gani, kuzaliwa? Ilikuwa upeleke shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60.

Na kwa mleta hoja: likizo ya bethdei haimo kwenye sheria. Una siku 28 za mwaka, na hizo mwajiri ndiye anayepanga lini uzichukue. Kwa hiyo siku moja ya Alhamisi ni ya kuombana vizuri, sio ya kudai.

Kibarua wa Pongwe:
Mgosi sheria yako nzuri ila inakaa kwenye makaratasi. Sisi wa kutwa usipoonekana getini asubuhi, nafasi kachukua mwingine. Nikapumzike bethdei nile nini, keki ya upepo? Na shemeji yangu anakata mkonge kule Muheza, analipwa kwa mizigo aliyofunga. Akilala, mizigo imelala.

Mgosi Mpenda Sheria:
Ndiyo maana nasema mdai mikataba.

Kibarua wa Pongwe:
Nidai, halafu kesho niingilie geti lipi?

Mtoto wa Muungano:
Mie nimezaliwa 26 Aprili. Serikali nzima inapumzika kwa ajili yangu, bendera zinapepea 😎

Mpishi wa Raskazone:
Furahia mwenzangu. Mimi 9 Desemba na niko jikoni hotelini. Sikukuu ndiyo watu wanakuja kuogelea na kula, nakaanga samaki mpaka usiku. Sijawahi kupumzika siku ya Uhuru.

Mgosi Mpenda Sheria:
Ukifanya kazi sikukuu ya taifa unalipwa mara mbili ya ujira wa kawaida kwa kila saa. Uliza hesabu zako.

Mpishi wa Raskazone:
Niliuliza. Nikapewa soda.

Ustadh Duga:
Assalaam alaykum. Ndugu zangu, mnabishana kupumzika au kutopumzika, hamjauliza kama hilo jambo lenyewe lina asili. Kukata keki na kupuliza mishumaa sio mila zetu. Nenda kazini, mshukuru Mola, basi.

Binti Mabawa:
Waalaykum salaam ustadh. Lakini Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu kufunga Jumatatu, akasema ndiyo siku aliyozaliwa. Si alikuwa anaikumbuka?

Ustadh Duga:
Aliikumbuka kwa kufunga, binti. Wewe unaikumbuka kwa kula.

Binti Mabawa:
😶

Dereva wa Horohoro:
Ustadh kapiga bao la kisigino.

Mwana Maulidi:
Sasa ustadh, na Maulidi ya mfungo sita je? Tanga nzima...

Ustadh Duga:
Hilo tuliache, hapa tutakesha.

Mama Genge Makorora:
Tuliache kweli. Jamaa aliuliza aende kazini au asiende.

Mkunga wa Zamu:
Mimi niko wodi ya wazazi, hospitali gani msiniulize. Mwaka juzi bethdei yangu iliniangukia zamu ya usiku. Nilinuna. Nikajaribu kubadilishana na mwenzangu, akagoma, eti ana harusi. Usiku ule tukapata akina mama mfululizo, sikukaa hata kunywa chai. Karibu na alfajiri nampokea mtoto wa kike, kapiga kelele kabla hata sijamfuta. Nikamwambia bibi yake, "Bibi, huyu tumezaliwa siku moja." Nilitegemea dua. Bibi akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Vizuri mwanangu, basi kila mwaka nguo za sikukuu ni zako." Mpaka leo ananipigia. Nimeshanunua viatu, na sasa anataka begi la shule.

Keshia wa Zamani:
Hahaa, na wewe pia umelipishwa kwa kuzaliwa.

Nahodha Mdogo Tongoni:
Mvuvi hachagui siku, mwezi ndio unachagua. Sisi wa dagaa tunavua na taa, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, tunakaa nyumbani. Bethdei yangu ikiangukia giza naingia baharini, ikiangukia mbalamwezi nashona nyavu huku nimekaa na watoto. Ijumaa haihesabiki, siku hiyo hatutoki. Ushauri wangu kwa mdogo wangu: angalia mwezi.

Mtoto wa Chumbageni:
Mkuu mimi niko forodhani, mwezi unanisaidiaje?

Nahodha Mdogo Tongoni:
Hata wewe si unasubiri meli?

Babu Usagara:
Wajukuu, mna raha ya kuzijua tarehe. Kitambulisho changu cha taifa kimeandikwa 01/07, aliyejaza fomu alitaka tarehe na mimi sina, akaniwekea katikati ya mwaka. Marehemu mama alisema alinizaa kwenye kaskazi, embe zinadondoka zenyewe uani. Sasa Julai ni kusi, baridi, bahari imechafuka, embe utaitoa wapi? Wanangu wananiimbia Julai, nakaa kimya, nakula. Embe za kwanza zikitoka, najipongeza mwenyewe.

Mambo ya kazi: nilikuwa bandarini enzi meli zinatia nanga nje kule, mzigo unakuja na matishari. Meli ikiingia hakuna cha msiba wala harusi, sembuse bethdei. Siku hizi gati limechimbwa mita 13, meli inafunga hapohapo. Kazi imeharakishwa na bado mnalia hamna nafasi!

Kijana wa Stoo:
Babu embe za kwanza zikitoka tunakuja na ndoo.

Babu Usagara:
Njoo nayo. Utaondoka nayo kichwani.

Mwalimu Korogwe:
Mimi nilipumzika mara moja, sirudii. Niliamka saa mbili, mke kaenda kazini, watoto shule, mtaani kimya. Nikaosha pikipiki. Nikaiosha tena. Mchana nikaenda shuleni kwa miguu yangu, nikawakuta darasa la saba wameniandikia ubaoni "hepi bethdei tichaa", na mwalimu wa zamu keshala keki niliyoletewa.

Dereva wa Horohoro:
Bro usipumzike, ila chelewa. Fika saa nne, sura ya huzuni. Wakijua ni bethdei wanakusamehe.

Mpishi wa Raskazone:
Usimsikilize. Pumzika, zima simu.

Mama Genge Makorora:
Nenda kazini ila usiwaambie. Na ufute tarehe kule Facebook, ndiko wanakopeleleza.

Mtoto wa Chumbageni:
Mmenivuruga zaidi ya nilivyokuja. Nimeomba nusu siku, kuanzia saa sita. Bosi kasema atanijibu Jumatano, inategemea meli.

Kibarua wa Pongwe:
Saa sita ndio muda wa ndoo.

Binti Mabawa:
Dada Keshia, ile keki ya jina lililokosewa mliagiza kwa nani? Nina shughuli Jumamosi, nataka nimkwepe.

Keshia wa Zamani:
Njoo inboksi. Ni wifi yangu.