Naomba ushauri: mlezi wa kambo ninayemsimamia hunijibu "tuko salama" kila ninapomtembelea

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kwa miezi 8 sasa ninasimamia familia 11 za malezi ya kambo, yaani zinazolea kwa muda watoto wasio wao, nilizorithi kwa mwenzangu aliyehamishwa. Ninaandika kuhusu familia moja tu, na nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike mtu.

Mlezi mwenyewe ni mama mwenye uzoefu wa miaka 6. Majalada ya nyuma yanamsifu, na watoto 3 aliowalea kabla ya huyu walirudi kwa wazazi wao wakiwa na afya njema. Sasa analea mtoto wa kiume wa miaka 9 ambaye huko alikotoka alizoea kulala njaa. Kila ninapofika nyumba imefagiliwa, mtoto amevaa nguo safi, daftari la shule liko mezani, limekwisha kufunguliwa kabla sijaliomba, na kila swali ninalouliza hujibiwa kwa maneno mawili: "Tuko salama." Nikiuliza usingizi, wako salama. Nikiuliza shule, wako salama. Nimekuwa nikiyaandika maneno hayo kwenye taarifa na kuondoka nimeridhika.

Wiki 3 zilizopita mwalimu wa mtoto alinipigia simu, akanieleza kwamba mtoto huchukua chakula cha wenzake na kukificha kwenye mkoba, na kwamba mama alipoitwa shuleni alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Sijui nimfanyeje tena, ila nakuomba usimwambie afisa." Sentensi hiyo imeninyima usingizi, kwa sababu afisa anayeogopwa hapo ni mimi, na mimi ndiye niliyetumwa kumsaidia.

Sababu ya hofu yake naielewa. Taarifa ya mapitio naiandika mimi, na kalamu hiyohiyo inaweza kumwondoa mtoto katika nyumba ile. Ninaomba kujua kwa wenye uzoefu: mtu anawezaje kumkagua mlezi na wakati huohuo akawa ndiye ambaye mlezi huyo anaweza kumlilia? Na je, nimweleze kwamba mwalimu amenipigia, au ningoje aseme mwenyewe?

Afisa Mstaafu

Ndugu mleta mada, pole na kazi. Nianze na swali lako la pili kwa kuwa ndilo la haraka: mweleze. Ukimwuliza habari za shule huku jibu unalo, naye akasema wako salama, utakuwa umemsukuma aongope mbele yako, na siku atakapogundua kwamba ulikuwa unajua hutapata tena neno la kweli kutoka kwake. Liseme mlangoni, kabla hujaketi: "Mwalimu amenipigia, habari ya chakula ninayo, na sikuja kumchukua mtoto." Hayo ya mwisho yaseme iwapo ni kweli, maana walezi wana kumbukumbu ndefu.

Swali lako la kwanza ni la zamani katika taaluma yetu. Mwaka 1976 Alfred Kadushin aliugawa usimamizi katika ustawi wa jamii kuwa kazi 3: kuongoza utendaji, kuelimisha na kutegemeza. Alikuwa akizungumzia wasimamizi wa maafisa wenyewe, lakini mimi nilizitumia kazi hizo kwa walezi miaka yote niliyokuwa kazini. Shida ni kwamba ile ya kwanza ndiyo yenye fomu, na mwisho wa mwezi unaulizwa fomu. Hakuna anayekuuliza ni mlezi gani ulimtegemeza, kwa hiyo kazi ya kwanza humeza hizo nyingine bila mtu kukusudia.

Kinachomtisha mlezi kuliko ukaguzi wenyewe ni kutojua ni neno lake lipi litakalofika ofisini. Kwa sababu hiyo, katika ziara ya kwanza nilikuwa nikiandika karatasi moja kwa mkono, mbele yake, yenye mafungu 3. La kwanza ni yale ambayo nalazimika kuyatolea taarifa siku hiyohiyo: mtoto kupigwa au kuumizwa, mtoto kutojulikana alipo, mtu mzima mpya kuhamia nyumbani. La pili ni yale yatakayoandikwa, lakini tutayasoma pamoja kabla hayajatoka. La tatu ni yale yanayobaki baina yetu maadamu mtoto hadhuriki: uchovu, hasira, siku ambayo mlezi alitamani kuacha. Karatasi nilimwachia yeye. Na kila taarifa nilimsomea kabla ya kuipeleka. Wapo walionisahihisha, na mara nyingi walikuwa na haki.

Halafu lile daftari. Daftari lililofunguliwa kabla hujaliomba ni dalili kwamba nyumba imejiandaa kupokea mgeni, na shida haikai sebuleni kumsubiri mgeni. Badilisha saa ya ziara, kwa makubaliano naye. Ziara ya kushtukiza ina nafasi yake, na viwango vya malezi ya kambo vya England vya mwaka 2011 vinataka iwepo angalau moja kwa mwaka, ila kwa mama huyu usiifanye sasa hivi. Ataihesabu kuwa msako.

Mama Mlezi

Mimi ninaandika nikiwa upande wa pili wa meza. Nimelea watoto 5 wa kambo, na hayo maneno "tuko salama" nimeyasema sana.

Nilikuwa na mtoto wa miaka 7 aliyekojoa kitandani kila usiku, na kila asubuhi nilipomvua shuka aliniambia kwamba mimi si mama yake. Jioni moja nilijifungia bafuni, nikafungulia maji ya bomba ili watoto wasinisikie nikilia. Kesho yake afisa alikuja, akaomba kadi ya kliniki, akaweka alama zake, akaniuliza kama mtoto anakula vizuri. Kunihusu mimi hakuuliza neno. Angeuliza ningemwambia yote, maana macho yangu yalikuwa bado yamevimba.

Afisa aliyemfuata alinikuta nikikunja nguo. Hakusubiri nimkaribishe kwenye kochi, alivuta kiti, akachukua shuka upande mmoja tukalikunja pamoja, kisha akaniuliza: "Ni saa ngapi ya siku unayoiogopa?" Nilishangaa kwamba jibu nilikuwa nalo tayari. Nilimwambia saa 1 jioni. Wiki iliyofuata alikuja saa 1 jioni, akakaa mpaka mtoto alipolala, na akaona kwa macho yake.

Mambo yaliyoniokoa yalikuwa machache. Nilipewa namba ya simu ambayo ilipokewa hata usiku. Nilipata siku 2 kila mwezi ambazo mtoto alikaa kwa mlezi mwingine anayemfahamu vyema, ili mimi nipumzike bila yeye kudhani ametupwa. Na nilikutanishwa na walezi wenzangu, kwa sababu kuna mambo ambayo afisa hayajui hata awe na moyo mzuri kiasi gani. Mlezi mwenzangu ndiye aliyenifundisha kumwekea mtoto anayeficha chakula kikapu chake mwenyewe, ambacho anaruhusiwa kuchukua humo wakati wowote bila kuomba, hata kwenda nacho kitandani. Kabati halifungwi kwa kufuli. Mwanzoni atakichukua chote na kujaza chini ya mto, na wewe unakijaza tena bila kusema neno, na hapo ndipo mlezi anapohitaji mtu wa kumwambia kwamba hafanyi ujinga.

Naomba pia ulitazame hili: je, mama huyo aliwahi kuelezwa kwamba mtoto alikuwa analazwa njaa? Mimi historia ya mtoto wangu mmoja niliijua baada ya miezi 4, tena kwa bahati. Jalada lilikuwa ofisini muda wote huo.

Mtoto Kwanza

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini natofautiana nao kidogo. Ndugu mleta mada, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimeona maneno ya mama na maneno ya mwalimu. Neno la mtoto sijaliona hata moja. Wapo watoto walioumizwa kwa miaka katika nyumba zilizosifiwa kwenye majalada, na sababu mojawapo ni kwamba afisa alikuwa rafiki wa mlezi kiasi cha kutoona kilichokuwa mbele yake. Ibara ya 25 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto aliyewekwa chini ya matunzo haki ya hali yake kupitiwa mara kwa mara. Haki hiyo ni ya mtoto, na haiwezi kupunguzwa kwa sababu mlezi amechoka.

Ushauri wangu ni kazi hizi zigawanywe. England mtoto ana afisa wake, na mlezi ana afisa mwingine wa kumsimamia na kumtegemeza, na hao wawili wanaweza kutofautiana kikaoni bila mmoja kubeba mizigo yote miwili. Kama ofisi yako haina watu wa kutosha, hata mwenzako mmoja akizungumza na mtoto wakati wewe unazungumza na mama, utakuwa umepiga hatua.

Nililelewa

Nilipita katika familia 4, na mimi ndiye niliyekuwa nikificha chakula.

Siku ya afisa niliijua kwa sauti ya mama, ilibadilika tangu asubuhi. Afisa alinikalisha karibu na mama huyo na kuniuliza kama ninafurahia kuishi pale. Ningejibu nini? Mmoja tu alinitoa nje, akaniomba nimwonyeshe vitu vyangu, na nilipokuwa nikimwonyesha nilijikuta nikisema.

Chakula nilikificha hata nikiwa nimeshiba. Nilikuwa najiandaa kwa safari, kwa sababu kila watu wazima waliponong'ona ilifuata safari. Kwa hiyo ile kauli ya Afisa Mstaafu, kwamba hukuja kumchukua, mwambie na mtoto. Mwambie yeye mwenyewe, kwa jina lake.

Mnasihi

Ningependa kuongeza jambo kuhusu ule ukimya wa mama na majibu yake ya maneno mawili. Mwaka 2012 Daniel Hughes na Jonathan Baylin walieleza hali inayowapata walezi wema kabisa: mtu anapotoa upendo siku baada ya siku na kukataliwa kila mara, ubongo wake huanza kujikinga. Anaendelea kupika, kufua na kumpeleka mtoto shule kwa wakati, lakini ile furaha ya kuwa karibu na mtoto inazimika, naye anaishi kwa kutimiza wajibu tu. Kwa nje nyumba kama hiyo huonekana imenyooka kuliko zote. Mlezi mwenyewe hujiona ameharibika moyo, na hilo ndilo analolificha zaidi kuliko habari ya chakula.

Hisia hizo si ngeni. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza, aliandika mwaka 1949 kuhusu mvulana wa miaka 9 aliyemkaribisha nyumbani kwake kwa miezi 3 wakati wa vita, na alikiri waziwazi kwamba mtoto yule alimfanya ahisi chuki. Kama mtaalamu wa kiwango chake alilisema, mama huyu aruhusiwe kulisema bila kuandikwa kwamba hafai. Hali hii hulegea mlezi anapopata mtu wa kumsikiliza bila kumsahihisha haraka, pamoja na mapumziko ya kweli. Mafunzo zaidi kwa mtu aliyelemewa humwongezea aibu, kwa hiyo yasubiri.

Ukihitaji hoja ya kuwapa wakubwa wako, Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Malezi Mbadala ya Watoto ya mwaka 2009, aya ya 120, inataka walezi wa kambo waandaliwe, wasaidiwe na wapewe unasihi kabla, wakati na baada ya mtoto kukaa kwao. Kumtegemeza mlezi kumo ndani ya kazi yako sawasawa na kumkagua.

Mleta mada

Ninawashukuru nyote. Mtoto Kwanza, swali lako lilinifanya nifungue jalada: katika miezi 8 nilizungumza na mtoto akiwa peke yake mara 1, kwa dakika chache. Nimeyakubali makosa yangu na nimemweleza mkuu wangu, na mwenzangu mmoja ataanza kufuatana nami.

Nilikwenda jana. Nilisema mlangoni kama nilivyoshauriwa. Mama alibaki ameshika kitasa, hakunikaribisha wala hakunizuia, kisha akauliza: "Kwa hiyo utaandika nini?" Nilimpa daftari langu asome. Sentensi zilikuwa 4. Alizisoma polepole, akaweka kidole kwenye ile iliyosema "mlezi amelemewa", akaniomba niandike "mlezi anahitaji msaada nyakati za jioni". Nikaifuta, nikaandika alivyotaka, kwa kuwa ilikuwa sahihi kuliko yangu. Baada ya hapo alizungumza kwa saa nzima. Habari ya mtoto kulazwa njaa hakuwahi kuelezwa na mtu. Alidhani ni wizi, na alikuwa anajilaumu kwamba anamlea mwizi.

Mtoto alinionyesha mkoba wake nje, mwenzangu akiwa na mama ndani. Mlikuwa na vipande 3 vya mkate mkavu, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Nilimwuliza ni vya nini, akanitajia kimoja kimoja: cha kesho, cha kesho kutwa, na cha siku ya gari. Nilimwuliza gari gani. Akanyosha kidole barabarani, kwenye gari la ofisi nililokwenda nalo.

Aliyewahi kuanzisha kikundi cha walezi akitokea sifuri, naomba anieleze alivyowapata wale wa kwanza na waliketi wapi, kwa sababu kati ya familia zangu 11 hakuna mlezi hata mmoja anayemfahamu mwenzake. Kwa mama huyu nimepanga kurudi Jumanne saa 1 jioni. Nitakwenda kwa miguu.