Mtungi wa kunawia ngazini: wavuja, na maji yatoka kwa kukwama (Mei 2020)

Mkaazi wa Kibokoni
Asalaam aleikum. Tangu Mei 6 Mji wa Kale hapa Mombasa umefungwa kwa ajili ya korona, hakuna kuingia wala kutoka. Ngazi moja, familia nne, mtungi mmoja wa lita 20. Bomba lavuja kwenye tundu, maji yakifika nusu hukwama, na haya ya kisima sabuni haitoi povu. Tufanyeje?

Fundi Bomba
Waaleikum salaam. Kukwama ni hewa: kifuniko kimekazwa mno. Kitoboe kwa msumari wa moto, tundu moja latosha. Kuvuja ni washa, yaani pete ya kuzibia. Zatakikana mbili za mpira, moja ndani moja nje, kisha nati ikazwe kwa mkono tu. Ukitia spana plastiki yapasuka, na hapo ni kutafuta mtungi mwengine. Tundu liwe vidole viwili juu ya kitako, mchanga usizibe bomba.

Bi Mkubwa
Kukosa povu si kwa chumvi peke yake. Visima vyetu viko kwenye mwamba wa matumbawe, maji yana chokaa. Tumieni sabuni ya maji, mnawe sekunde 20. Maji ya mkokoteni wekeni ya kunywa na kupikia.

Bomba na vitasa vya milango pangusieni jiki (dawa ya klorini) ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji. Changanyeni upya kila siku. Siki au dawa ya choo msitie kabisa, hutoa gesi ya sumu.

Fundi Bomba
Mkibadilisha, chukueni bomba la mkono wa kupindua. Hilo hufunguliwa kwa kiwiko.