Mjadala: Demo za Amy Winehouse zilizoharibiwa, lebo ilimtendea haki au iliua urithi wake?

#1 Mleta mada

Wakuu habari za usiku. Kuna jambo linanisumbua siku nyingi, leo nimeona nilimwage hapa tulijadili.

Amy Winehouse wengi mnamjua, yule dada mwimbaji wa London wa nywele zilizopandishwa juu kama kichuguu na wanja uliovutwa mpaka karibu na sikio. Kazaliwa 14 Septemba 1983, baba dereva teksi, mama mfamasia, bibi yake mzaa baba naye alikuwa mwimbaji. Albamu ya kwanza Frank ikatoka 2003, ya pili Back to Black 2006, na hiyo ya pili ndo ikampa Grammy 5 usiku mmoja Februari 2008, yeye mwenyewe akiwa London anaimba kwa setilaiti maana mambo ya viza ya Marekani yalikuwa hayajakaa sawa. Tarehe 23 Julai 2011 akakutwa amefariki nyumbani kwake Camden, miaka 27, pombe. Albamu mbili tu alizozimaliza mwenyewe, basi.

Sasa 2015, kipindi ile filamu ya maisha yake aliyoiongoza Asif Kapadia inatoka, aliyekuwa bosi wa Universal Uingereza, kampuni ya muziki yenye lebo ya Amy, David Joseph, akaliambia jarida la Billboard kwamba demo (rekodi za majaribio) alizoziacha Amy ameziharibu. Sio kuficha, kuharibu. Akasema ni suala la utu, kwamba kuchukua kipande cha sauti ya marehemu ukakijengee wimbo halitatokea yeye akiwepo, na sasa hata atakayekuja baada yake hawezi.

Mimi nasema alifanya haki. Na nasema hivyo kama mtu ninayeshinda studio, nina kistudio changu kidogo cha kurekodi, maiki moja na chumba nilichokibandika magodoro ukutani. Demo sio wimbo jamani. Demo mtu anajaribu, anaguguna maneno ambayo hayapo, anakosea makusudi aone melodi inaelekea wapi, anakohoa, anakwambia hii futa kesho narudi. Anakuachia kwa kukuamini. Ukija kuiuza kisa hayupo wa kukukataza, hapo umemfanyia nini?

Karibuni, ila tuongee kwa hoja.

#2

Mkuu nakuheshimu ila hapa napinga. Huyo bosi ni nani mpaka aamue sauti ya Amy Winehouse iishe? Ile mali kihalali ya lebo sawa, lakini kuna mali za watu wote hata kama karatasi zina jina la kampuni. Angezifungia kwenye kabati miaka 50 nani angekufa? Kuchoma ni kitu hakirudi.

Na nikuulize, Otis Redding, yule mwimbaji wa soul wa Marekani, tumfanyeje? Alirekodi Dock of the Bay mwishoni mwa 1967, siku chache baadae ndege ikaanguka, 10 Desemba, akafa na miaka 26. Steve Cropper, mpiga gitaa na prodyuza wake, ndo akakaa na ule mkanda akaumalizia, akaweka sauti za mawimbi na ndege wa baharini, ukatoka Januari 1968 ukashika namba moja Marekani, wimbo wa kwanza wa marehemu kufika pale juu. Kwa kanuni yako hiyo dunia isingeusikia kabisa. Nijibu hapo kwanza.

#3

Me naunga mkono mleta mada asilimia mia. Sisi kizazi cha Tupac tunajua hii kitu ilivyotufanyia. Amekufa Septemba 1996 halafu albamu zikawa zinatoka tu, kila mwaka mtu kachukua vesi ya zamani kaibandika kwenye biti ambayo marehemu hajawahi kuisikia, pembeni kawekewa wasanii ambao hata salamu hawakuwahi kupeana. Tulinunua zote. Mwisho hata hujui yupi Tupac mwenyewe na yupi wa kuchongwa na watu.

#4 Mleta mada

#2 swali zuri sana na silikwepi.

Otis alikuwa ameumaliza kuuimba. Mashairi yapo, mwanzo upo, katikati ipo, ule mluzi wa mwisho upo, na Cropper aliuandika naye na alikuwepo studio wakati unaimbwa, kwa hiyo anajua mwenzake alikuwa anautaka vipi. Kilichobaki kilikuwa ni kumiksi. Hiyo ni sawa na fundi cherehani kaacha shati limebaki vifungo tu, mwenzake wa meza moja akavishona. Sio sawa na kuokota vipande vya kitambaa chini ya cherehani ya marehemu ukashona gauni, halafu ukaandika jina lake kwenye lebo.

Na kwa Amy tunajua msimamo wake kwenye jambo hili, hatubahatishi. Albamu ya Frank, iliyotoka yeye yuko hai, ana miaka 20 tu, alisema wazi kwenye intavyuu kwamba hakuridhika nayo, kuna miksi lebo ilizichagua yeye hakuzitaka, akasema hata nyumbani kwake hana nakala. Huyo ni mtu anaisema albamu yake MWENYEWE, iliyopita mikononi mwake. Sasa mtu wa hivyo wewe unataka umtolee mazoezi?

#5

Naombeni niingie kidogo. Mbona mnaongea kama hakuna kilichotoka baada ya kifo? Desemba 2011, miezi mitano hata haijaisha, ikatoka Lioness: Hidden Treasures, lebo ileile ya Island chini ya Universal hiyohiyo. Waliokusanya ni maprodyuza Salaam Remi na Mark Ronson, watu wake wa karibu kabisa kikazi. Ndani kuna vitu vya 2002, kuna matoleo ya zamani ya nyimbo tunazozijua, kuna Between the Cheats ambayo ilikuwa ya albamu ya tatu, na kuna Like Smoke ambayo rapa Nas kaongezewa baada ya Amy kufa. Ikashika namba moja Uingereza. Familia ilikubali, na sehemu ya pesa ya kila nakala ikaenda kwenye taasisi ya Amy ya kusaidia vijana.

Kwa hiyo huyo bosi alikuwa na utu gani 2015 ambao 2011 hakuwa nao? Ameuza kwanza vilivyouzika, vilivyobaki ndo akachoma akaita maadili. Mimi sinunui hiyo.

#6

#5 umegonga penyewe 👏

#7 Mleta mada

Hapa #5 nakubali umenibana, na hii hoja nimeiwaza sana kabla ya kuleta mada.

Nimeisikiliza Lioness yote zaidi ya mara kumi. Kuna vitu mle navipenda, The Girl from Ipanema ile ya 2002, binti wa miaka 18 anacheza na sauti kama mtoto anacheza na maji, inanichekesha na inaniuma. Body and Soul na mwimbaji mkongwe Tony Bennett haina tatizo lolote, waliirekodi wote wawili pale studio za Abbey Road Machi 2011 wamesimama chumba kimoja, ikatoka siku ambayo angetimiza miaka 28. Ile ni kazi yake.

Ila Like Smoke sikiliza vizuri. Amy anarudia kiitikio, kidogo tu, halafu kiitikio hichohicho, Nas anajaza kwingine kote. Nas alikuwa rafiki yake na anampenda, hata tarehe ya kuzaliwa wanachangia, 14 Septemba, na mashairi yake ni ya msiba kweli sio ya biashara. Lakini masikio ya studio yanakwambia hapa kulikuwa na kiitikio bila nyumba, nyumba ikajengwa na watu wengine. Kwa maoni yangu ile ndo ilikuwa mwisho wa vilivyokuwepo. Kama baada ya kukwangua sufuria walipata hicho, vilivyobaki vilikuwa nini?

Inawezekana kabisa jamaa aliona alichokifanya 2011 ndo akafunga mlango 2015. Sijui moyo wake. Naangalia kitendo.

#8

Nawasoma kutoka London, naishi huku miaka mingi, Camden napita kila wiki. Pale sokoni Stables kuna sanamu yake toka 2014, wageni wanamvisha bangili na maua wanapiga picha.

Mimi naomba mzingatie kitu kimoja, yule binti wakati yuko hai watu walimchukulia kila kitu. Wapiga picha walilala nje ya mlango wake. Belgrade Juni 2011 alipandishwa jukwaani hajiwezi, watu wakazomea, na video ikazunguka dunia kabla hajashuka. Ile nguo aliyovaa siku hiyo ikaja kuuzwa mnada Marekani 2021 kwa zaidi ya dola 240,000. Kuna kampuni ilitangaza 2018 kwamba itamfanyia ziara ya hologramu, taa zinaimba, mwaka uliofuata wakaisimamisha. 2024 imetoka filamu ya kuigiza. Mwaka 2021 shirika moja la Toronto lilitumia kompyuta kutunga nyimbo kwa mtindo wa wanamuziki waliokufa na miaka 27, nia yao ilikuwa njema maana ni shirika la afya ya akili, na Amy alikuwamo.

Kwenye orodha yote hiyo nionesheni kitu kimoja ambacho mtu alisema hapana, hiki muacheni nacho. Mimi nakiona kimoja tu, hizo demo.

#9

#8 umeandika kwa uchungu na nakuelewa, ila hisia sio hoja. Kwenye hiyohiyo filamu ya Kapadia kuna ile sehemu Amy yuko studio New York 2006 anarekodi Back to Black, muziki wameuzima unasikia sauti peke yake, anamaliza anasema mwishoni inasikitisha kidogo eh. Mimi nililia. Hiyo sauti ilitoka wapi kama sio kwenye kabati la lebo? Nani alimuomba ruhusa? Mbona hapo hamkulalamika?

Halafu kuharibu kwenyewe hakujasaidia. Januari 2018 prodyuza Gil Cang akaweka mtandaoni wimbo My Own Way, Amy aliurekodi akiwa na miaka 17 hata mkataba hana. Kwa hiyo demo zipo, ziko kwa watu, lebo ilichoma za kwake tu.

Na hakuacha wosia. Mwenye haki ya kuamua ni wazazi, sio bosi wa kampuni. Sheria ya Uingereza inalinda nyimbo zake miaka 70 baada ya kifo, mpaka 2081, kulikuwa na haraka gani?

#10 Mleta mada

#9 nikuanzie na hilo la mwisho. Haraka ilikuwa hiihii, kwamba mpaka 2081 ni watu wangapi watakaa kwenye kile kiti? David Joseph mwenyewe alishaondoka 2024. Kabati ulilolisema, funguo ingekuwa kwa mwingine leo, na kesho kwa mwingine, na kila mmoja ana mahesabu ya mwaka ya kufunga. Na sasa hivi kwa hizi programu za kompyuta huhitaji hata mstari mzima, sekunde chache za sauti safi zinatosha mtu akatengeneza albamu. 2015 hilo bado halijafika lakini naona aliliona linakuja.

Ile sauti ya New York ni ya wimbo alioumaliza, akaukubali, akautoa, akauimba majukwaani miaka. Kuusikia bila vyombo ni kama kumuangalia fundi kwa karibu. Tofauti na kilichoachwa njiani.

Kuhusu wazazi hapo sina jibu la kutosha. Nakubali walipaswa kuulizwa na kusikilizwa.

#2 tena

Mleta mada, umesema una studio. Haijawahi kukutokea? Msanii kafa na kazi yake iko kwako? Ulifuta?

#11 Mleta mada

Imenitokea.

Kijana wa mtaani kwetu, fundi pikipiki, alikuwa anakuja jioni mikono bado ina grisi, namwambia nawa kwanza kabla hujashika hedifoni. Alirekodi vesi moja na nusu na kiitikio, kwenye vesi ya pili maneno yakamuishia akawa anaimba na-na-na tu, akacheka, akasema bro hii futa, Jumamosi nakuja nimeshaiandika. Alhamisi akagongwa na lori.

Baada ya arobaini kaka yake akaja na flashi, anasema kuna mtu atalipa, tumuweke msanii mwingine amalizie vesi ya pili, itoke kama kumbukumbu. Msiba una madeni, namuelewa kabisa. Nilimwambia hapana, tukagombana, mpaka leo salamu yetu ya shingo upande.

Mama yake alikuja baadae peke yake. Hakuomba wimbo, aliomba asikie. Nikamkalisha kwenye kile kiti, nikamvisha hedifoni, nikabonyeza. Wakati kijana anaimba alikuwa ametulia tu anaangalia chini, ilipofika pale anacheka na kusema Jumamosi nakuja, akanishika mkono, akaniambia rudisha hapo. Nikarudisha. Nimerudisha mara nyingi siku ile, sikuhesabu.

Kwa hiyo #2 jibu la swali lako ni kwamba sikufuta. Faili liko kwenye hadi diski, jina lake nimeliandika tarehe tu ili mtu akifungua asijue ni nini. Nilijaribu kulifuta mara mbili nikashindwa. Na kila nikisikia kompyuta inataka kufa nashtuka, halafu najiuliza mimi nikitangulia hiki kitu kitaangukia mikononi mwa nani. Ndo maana sina ujasiri wa kumlaumu yule bosi. Alifanya nilichoshindwa.

#9

Pole sana mkuu. Mimi bado nasema zisingechomwa, ila la mama nimelielewa. Mpe yeye hiyo nakala.

#11 Mleta mada

Nilimpelekea kwenye flashi akakataa. Akasema kaa nayo, nitakuwa nakuja. Anakuja.