Leseni ya umeme ya New South Wales: naruhusiwa kufanya kazi Wodonga?

fundi_wa_ngambo:
Habari za humu ndani. Mimi ni fundi umeme, naishi Albury, na leseni yangu ya ukandarasi ni ya jimbo la New South Wales, hapa Australia. Kuna mama tunasali naye amehamia Wodonga, anataka nimbadilishie ubao mzima wa umeme, bado una fyuzi za kaure za kufunga waya kwa mkono. Kwake na kwangu ni kuvuka daraja la Mto Murray tu, ila ng'ambo ile ni jimbo la Victoria. Mmoja ananiambia nenda ufanye, nani atajua. Mwingine anasema lazima niombe leseni mpya na kulipa upya. Naomba anayejua kwa kufanya, si kwa kusikia.

nesi_msafiri:
Kaka, mimi nilitoka Sydney nikaja kufanya kazi Bendigo, huku Victoria, nilichobadilisha ni anwani tu. Leseni ya Australia ni ya Australia, vuka.

mzee_wa_waya:
Dada, nyie manesi mna bahati yenu. Tangu 2010 usajili wenu ni mmoja nchi nzima, uko AHPRA, chombo cha taifa cha kusajili wahudumu wa afya. Sisi wa umeme kila jimbo lina mdhibiti wake, na wa Victoria ni Energy Safe Victoria. Kijana asivuke kwa maneno hayo.

Sasa wewe fundi, leseni ya pili huhitaji. Kuanzia Julai 2021 kuna utaratibu wa kutambuliwa moja kwa moja: leseni ya jimbo lako la nyumbani inakubalika jimbo jingine lililojiunga, kwa kazi zilezile ulizoruhusiwa kwenu. New South Wales na Victoria zilikuwa za kwanza kuingia. Ada ya usajili hulipi, ila kwa kazi kama yetu unatakiwa kumjulisha mdhibiti wa kule KABLA ya kuanza. Na ukijaza taarifa, usijiandike fundi tu, jiandike na mkandarasi. Kupatana bei na mteja na kumwandikia ankara kwa jina lako ni kazi ya mkandarasi, na Victoria hiyo ina usajili wake peke yake.

Halafu soma bima yako mstari kwa mstari. Victoria wanataka mkandarasi awe na bima inayofunika kazi za huko, na zipo bima zinazotaja jimbo moja tu.

Jambo ambalo wengi wa upande wenu hulikuta wakiwa tayari kwenye ngazi ni ukaguzi. Sheria za kufunga waya ni zilezile, AS/NZS 3000, hapo hutapotea. Lakini ukiwa Victoria unafuata karatasi za Victoria, yaani cheti cha usalama wa umeme cha kwao, si kile cha Sydney. Kazi ya ubao mkuu, waya mkubwa unaoingia nyumbani na erthi kuu ni kazi maalumu: lazima mkaguzi mwenye leseni, asiye wewe, aje aikague na kutia sahihi kabla hujawasha. Kuongeza soketi jikoni hakuhitaji mkaguzi, cheti tu. Kwa hiyo mpe mama bei yenye ada ya mkaguzi ndani, na mkaguzi umpange mapema. Ukimtafuta saa tisa alasiri mama atalala gizani, na kanisa zima litajua.

Huyo anayekwambia nani atajua, muulize nyumba ikiungua bima italipa nini.

fundi_wa_ngambo:
Shikamoo mzee, asante sana. Na kama kazi zikizidi upande ule, nikawa kila siku niko Wodonga?

mzee_wa_waya:
Marahaba. Maadamu unaishi Albury, nyumbani kwako kisheria kunaweza kubaki New South Wales hata kazi zote ziwe ng'ambo. Ukihamia Wodonga na kazi ziko hukohuko, hapo jimbo la nyumbani limebadilika. Utaomba leseni ya Victoria kwa njia ya zamani, ile ya sheria ya 1992 ya majimbo kutambuliana leseni. Ada utalipa, lakini hurudi darasani, na mdhibiti ana mwezi mmoja wa kukujibu. Angalia pia tarehe ya leseni yako: ya kwenu ikiisha, haki ya kuvuka imeisha siku hiyohiyo. Na mwenye kesi ya nidhamu kwenye leseni yake, mlango huu kwake umefungwa.

nesi_msafiri:
Haya, nimenyooshwa 😂 Mzee, na walimu je? Mdogo wangu anafundisha Canberra.

mzee_wa_waya:
Walimu nao kila jimbo lina usajili wake. Aulize chombo cha walimu cha huko anakokwenda, na aulize habari ya kibali cha kufanya kazi na watoto, maana hicho nacho hutolewa jimbo kwa jimbo.

fundi_wa_ngambo:
Nimefungua bima, imeandikwa New South Wales peke yake. Kesho nampigia wakala kwanza, ndipo nitume taarifa Victoria. Mama nimemwambia avumilie, na asiwashe oveni na hita kwa pamoja.